Mfuko wa Betri

Katika daftari la klabu ya roketi, upande wa ajali, kulikuwa na mstari mmoja ambao mjane wa fundi redio aliujua kwa moyo kama mtu anavyojua tarehe yake ya kuzaliwa. Mstari ulisema: "Mwavuli haukufunguka. Sababu: mrushaji alisahau kuwasha swichi."

Mrushaji alikuwa mumewe. Na mumewe, katika miaka thelathini na moja ya ndoa, hakuwahi kutoka nyumbani bila kurudi mara ya pili kushika kitasa na kuhakikisha mlango umefungwa. Mtu wa namna hiyo akianza kusahau, mke lazima ajiulize kuna nini. Yeye alijiuliza, akajipa jibu, na jibu hilo akaishi nalo miezi mitano. Kisha asubuhi moja fundi aliinama kufunga kamba za viatu, akafunga cha kushoto, na moyo ukasimama kabla hajafika cha kulia.

Miezi miwili baada ya mazishi, wifi yake alikuja na maboksi matatu matupu. Huyu alikuwa dada mkubwa wa marehemu, mwalimu wa chekechea kwa muda mrefu kiasi kwamba alizungumza na kila mtu, hata askari wa barabarani, kana kwamba ana miaka mitano.

"Haya," alisema, akipiga makofi mawili mlangoni mwa chumba cha kazi. "Leo tunafanya usafi. Nani atanisaidia?"

"Tuko wawili tu, wifi."

"Basi ni wewe."

Chumba chenyewe kilikuwa kama alivyokiacha mwenyewe. Meza ndefu iliyoungua madoadoa, redio nne zilizofunuliwa migongo, makopo ya skrubu yaliyopangwa kwa ukubwa, na ukutani, juu ya misumari, mabomba ya karatasi ngumu yaliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Hizo ndizo roketi. Wifi alichukua kikopo, akakinusa.

"Hii ni mafuta ya nywele?"

"Grisi."

"Ndiyo maana kaka yangu alikuwa na nywele nzuri."

Walicheka, wakashangaa kwamba wamecheka, kisha wakaendelea kufungasha.

Mtu asiyewahi kuziona roketi za namna hii hudhani ni michezo ya watoto. Fundi alikuwa akisema ni kweli, ila mtoto mwenyewe awe na subira ya mzee. Jumapili moja kila mwezi watu kama ishirini walikutana kwenye shamba lililovunwa nje ya mji: nesi mmoja, dereva wa lori, mapacha wanaouza vioo, na mpimaji ardhi mstaafu aliyesimamia urushaji wote. Huyu walimbandika jina la Kinyumenyume, kwa sababu yeye ndiye aliyehesabu kutoka kumi kushuka, na alikuwa amezoea kiasi kwamba hata akihesabu viti alianzia mwisho.

Roketi ikipanda, injini yake huzima upesi, na inabaki kupanda kwa nguvu ya kusukumwa tu. Ikifika kileleni na kuanza kuanguka, lazima kitu ndani yake kijue kwamba sasa ndiyo saa ya kutoa mwavuli. Kitu hicho ni kipimakimo, kibati kidogo cha umeme kisichozidi kidole gumba. Kinakaa katikati ya roketi, ndani ya chumba chake cha urefu wa shubiri moja, kimefungwa juu ya kibao chembamba kinachoingia na kutoka kama droo. Betri yake inafungwa hapo hapo kwenye kibao. Ubavuni mwa chumba hutobolewa vitundu vitatu, kwa sababu kifaa hiki hupima kimo kwa kuhisi hewa inavyozidi kuwa nyepesi. "Ukikinyima vitundu," fundi alikuwa akiwaambia wageni, "ni sawa na kumziba mtu pua halafu umuulize mchuzi unanukiaje." Kikihisi kilele, kipimakimo hupeleka umeme kwenye baruti kidogo, baruti inasukuma mwavuli nje, na roketi inashuka taratibu kama bibi harusi. Umeme ukikatika njiani, hakuna baruti wala mwavuli. Roketi inarudi ilivyokwenda, pua mbele.

Kifaa hiki kilikuwa na sauti. Kila ukikiwasha kilianza kwa kutaja kimo cha safari iliyopita, tarakimu moja moja: milio mitatu, kimya, mlio mmoja, kimya, milio miwili. Mia tatu na kumi na mbili. Kisha kililia mara tatu haraka haraka kusema kiko tayari. Tabu ni kwamba mlio wenyewe ulikuwa mwembamba kama wa mbu, na masikio ya fundi yalikuwa yamechakazwa na miaka ya kuvaa visikizio akisaka mikwaruzo ya redio za watu. Hakuusikia kabisa. Kwa hiyo alikwenda uwanjani na mkewe, na mkewe alipiga magoti kwenye mabua, akaweka sikio kwenye kitundu.

"Masikio, kinasemaje?"

"Tatu, moja, mbili. Na kiko tayari."

"Ahsante, Masikio."

Klabu nzima ilimwita hivyo, Masikio ya Fundi. Yeye, aliyekuwa fundi cherehani na hakuwahi kuitwa kitu chochote zaidi ya "mama wa sare", aliipenda heshima hiyo kuliko alivyokubali kusema.

Siku ya ajali hakuwepo. Alikuwa na sare sitini za shule zinazotakiwa Jumatatu, na vifungo vya nusu yazo vilikuwa bado ndani ya pakiti. Fundi alikwenda peke yake, akarudi jioni na vipande vya bomba kwapani, akasema kutoka mlangoni, "Nilisahau swichi," na akapitiliza kwenda kunawa mikono.

Namna mjane alivyolipokea neno lile ndiyo iliyokuwa ikimla sasa.

Alianza kwa kubandika karatasi juu ya jiko: ZIMA. Akafuata na nyingine bafuni. Kile chuma cha kulehemu, kinachopata moto hadi kuyeyusha risasi, alikificha kwenye droo ya cherehani na kufuli juu, akamwambia kimepelekwa kutengenezwa, kana kwamba kuna mtu mwingine mtaani wa kukitengeneza. Ufunguo wa nyumba aliutia uzi na kumvisha mumewe shingoni, ndani ya shati. Asubuhi akimpa chai alimuuliza leo ni siku gani.

"Alhamisi, mama," fundi alijibu siku moja bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti. "Na jana ilikuwa Jumatano, kama kawaida yake."

Hakukasirika. Hakubisha hata mara moja. Upole ule ndio uliomthibitishia mkewe kwamba mzee anaondoka kidogo kidogo, maana fundi mwenye akili zake angeupinga uzi wa shingoni. Alipokufa, waliomwosha walimletea mjane ule ufunguo ukiwa bado kwenye uzi.

Kama kweli akili ya mumewe ilikuwa ikimponyoka, basi alimtunza vizuri. Kama haikuwa hivyo, basi alimchukua mwanaume mzima, mwenye akili timamu, akamfanya mtoto wa chekechea kwa miezi mitano ya mwisho ya maisha yake. Alitaka kujua ni lipi, hata kama kujua kungemuuma.

"Hii niitupe?" wifi aliuliza. Alikuwa ameshika bati la biskuti, na ndani yake kulikuwa na kipande cha bomba kilichobonyea upande mmoja.

"Usitupe!"

Wifi aliganda na bati mkononi. "Sawa. Hatutupi. Tunatumia maneno yetu, hatupigi kelele."

Kilikuwa ni chumba cha umeme cha roketi ile iliyoanguka. Mjane alikiweka mezani, akafungua nati mbili za mwisho, akakivuta kibao taratibu. Kipimakimo kilikuwa mahali pake, kimekazwa kwa skrubu zake nne. Baruti haikuwemo; fundi alikuwa ameshaiondoa na kusafisha kikombe chake. Betri pia haikuwemo. Mfuko wake tu ndio uliobaki, na waya mbili zikining'inia, nyekundu na nyeusi, zimekatika pale zilipoungana na kofia inayobana kichwa cha betri.

Mfuko ule alikuwa ameushona yeye. Zamani fundi alifunga betri kwa utepe na vikazio vya nailoni, na kila baada ya safari alivikata, na vipande vikaruka hadi kwenye sukari. Mkewe alichoka kufagia. Alichukua turubai la bluu kwa mgongo, lastiki pana kwa mbele na kwa chini, ile ile ya viunoni mwa sketi za shule, akashona mara mbili kwa uzi wa jinzi. Betri inaingia, inashikwa, inatoka. Fundi aliugeuzageuza chini ya taa. "Hii ni kazi ya kiwandani," alisema, na mwezi mzima aliwaonyesha watu klabuni mpaka wakaanza kumkwepa. Ulisafiri mara mbili na injini ndogo, bila tatizo.

"Wifi," mjane alisema polepole, "hiki kifaa hakisahau. Hata betri ikitolewa, kinakumbuka safari ya mwisho. Kama siku ile hakukiwasha, kitataja ile ya kabla yake. Mia tatu na kumi na mbili. Kama alikiwasha, kitasema kingine."

Wifi aliweka boksi chini. Ndiye pekee aliyejua habari ya uzi wa shingoni na maana yake. "Basi kiwashe."

"Nikikosea waya kitaungua. Mara moja tu, na jibu linaungua nacho."

"Basi usikosee."

Betri ilipatikana ndani ya kipima-umeme cha marehemu, ya mraba, volti tisa, bado ina nguvu. Kichwani ina vitufe viwili, kimoja kidogo cha mviringo, kingine kikubwa chenye kingo kama ua. Mjane alikaa akivitazama. Nyekundu inakwenda kwenye chanya, hilo alilijua. Lakini chanya ni kipi? Mtu anaweza kuapa kwamba ni kile kikubwa. Alifumba macho akajaribu kumsikia fundi, ambaye alikuwa na tabia ya kueleza mambo huku anayafanya, hata kama chumbani hamna mtu. Na akamsikia, kutoka siku fulani isiyokuwa na umuhimu wowote: "Kidogo ndicho chanya. Kidogo ndicho chenye nguvu. Namfahamu mwingine wa hivyo."

"Shika hapa," alimwambia wifi. "Nyekundu kwenye kidogo. Nyeusi kwenye kikubwa. Bana kwa vidole na usiachie."

"Mimi? Nipigwe na umeme niende kwa kaka yangu?"

"Volti tisa haimwamshi hata kuku."

"Kuku hana shinikizo la damu." Lakini alishika, macho ameyafumba, ulimi ameutoa nje kidogo kama wanafunzi wake wanapokata karatasi.

Mjane aliingiza bisibisi kwenye swichi, iliyokuwa skrubu ndogo ya kugusanisha umeme, akaizungusha robo. Akainama, akaweka sikio.

Kwanza kimya. Halafu milio mitatu.

Tatu. Aliuma mdomo. Tatu ndiyo tarakimu ya kwanza ya mia tatu na kumi na mbili. Sasa utakuja mlio mmoja peke yake, kisha miwili, na yote yatakuwa yamekwisha.

Mlio mmoja. Akafumba macho. Kisha wa pili ukaufuata papo hapo, na wa tatu, na wa nne. Kimya kirefu. Kisha mitatu ya haraka: niko tayari.

"Kinasemaje?" wifi alinong'ona, macho bado yamefumba.

"Thelathini na nne."

"Thelathini na nne nini?"

"Mita. Kilikuwa kimewashwa, wifi. Kilipanda mita thelathini na nne, umeme ukakatika. Hakusahau." Alijikalia sakafuni, katikati ya maboksi. "Hakusahau chochote."

Ilipita muda kabla ya kuuliza swali la pili, la kwamba umeme ulikatika kwa nini. Alipouliza, jibu lilikuwa mkononi mwake. Alitia betri kwenye mfuko wa bluu, akaibonyeza kwa kidole kuelekea chini, si kwa nguvu. Lastiki ya chini ilinyooka, betri ikatoka karibu yote. Alipoondoa kidole, lastiki ilijirudi vizuri kabisa, kana kwamba si yenyewe iliyoachia.

Roketi ikifyatuka, kila kilichomo kinakuwa kizito mara kumi, mara kumi na tano. Betri inataka kubaki chini wakati kila kitu kinakwenda juu. Fundi alikuwa ameshamweleza hilo, ndiyo maana vikazio vya nailoni, ndiyo maana siku zote alikalisha betri juu ya kifuniko cha mbao kinachoziba chini ya chumba, mahali ambapo isingeweza kwenda popote. Lakini yeye aliufunga mfuko katikati ya kibao, kwa sababu katikati ulipendeza. Na kazi ya lastiki ni kukubali. Kiunoni mwa mtoto aliyetoka kula, ni huruma. Kwenye injini ndogo ilivumilia. Siku ya ajali, fundi alikuwa amefunga injini kubwa kwa mara ya kwanza.

"Ni mimi," alisema. "Wifi, ni lastiki yangu." Na akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, maana hakutegemea kwamba mtu anaweza kukuta kosa ni lake mwenyewe na akafarijika kiasi kile. Kisha kicheko kikakatika. "Alikuwa mzima. Na mimi nikamfunga ufunguo shingoni."

Wifi aliacha waya, akajipangusa vidole kwenye sketi, akashuka sakafuni kwa shida, goti moja kisha la pili.

"Nikuambie kitu?" alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa akizungumza na mtu mzima. "Alikuja kwangu akiwa na huo ufunguo. Akanionyesha. Nikamwambia, wewe, mkeo amekupandisha cheo, sasa wewe ni mbuzi. Akasema, dada, acha. Siku hizi ananimiminia chai, ananiuliza siku, anakaa mpaka nimalize. Akasema, sijapata kuangaliwa hivi tangu tuoane, sare za shule zilikuwa zimenipokonya mke."

"Alisema hivyo?"

"Nilidhani ni ugonjwa unaongea."

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya kurusha. Mjane alivaa viatu vya shambani, akatia chumba cha umeme kwenye mkoba, na wifi akaja naye kwa kisingizio kwamba hajawahi kuona. Shamba lilikuwa limekauka, mabua yanachoma miguu. Kinyumenyume alikuwa kwenye meza yake ya kukunja, miwani kwenye paji la uso, miwani mingine machoni. Alipomwona alisimama upesi, akaangusha kalamu.

"Shemeji! Masikio yetu!"

"Nimekuja kurekebisha daftari," alisema.

Akamwekea kibao mezani na kumweleza yote, tatu na nne, lastiki, katikati ya kibao. Kinyumenyume alisikiliza akitikisa kichwa, kisha akabonyeza betri mwenyewe kwa kidole, ikatoka, akairudisha, akabonyeza tena, na tena. Wapimaji hawaamini mpaka mara tatu.

"Ni kweli," alisema mwishoni. "Lakini kuna tatizo, shemeji. Sababu niliyoandika si yangu. Alisema mwenyewe. Taarifa ya mrushaji haifutwi."

"Mrushaji alidanganya."

"Shemeji, marehemu..."

"Marehemu alidanganya, Mungu amrehemu. Siku ile ilipoanguka, nani aliifungua roketi?"

Kinyumenyume alivua miwani ya machoni, akashusha ya kwenye paji. Alikuwa mtu wa kukumbuka kwa utaratibu, kutoka mwisho kuja mwanzo. "Alipoondoka aliniambia, andika nilisahau swichi. Kabla ya hapo alikuwa amekaa pale, karibu na ile nguzo ya kurushia, ametugeuzia mgongo. Nilimfuata nikamuuliza, umeona nini ndani? Akasema hamna kitu. Alikuwa ameshika betri, akaitia mfuko wa shati. Nikasema moyoni, mtu ana uchungu, nimwache." Aliokota kalamu yake. "Na kabla hajarusha nilimwambia, mzee, kwa injini hii ongeza kikazio cha nailoni juu ya huo mfuko. Akasema hapana."

"Kwa nini?"

"Akasema, nikirudi nyumbani na nailoni juu yake, atajua simwamini."

Mjane alikumbuka. Jioni ya siku ile ya ajali, akifua, alikuwa amekuta betri ya mraba ndani ya mfuko wa shati la mumewe. Aliiweka dirishani na kujiambia, ona, sasa anatembea na betri mfukoni, hajui hata kwa nini. Kumbe alijua. Alikuwa ameiokota ikiwa imelegea ndani ya chumba, akaelewa kila kitu palepale mabuani, akageuza mgongo ili asionekane akielewa. Na baadaye karatasi ya ZIMA ilipobandikwa, angeweza kuondoa yote kwa sentensi moja tu: mama, ni mfuko wako. Hakuisema. Aliinywa chai, akataja siku za wiki moja baada ya nyingine.

"Mjinga," alisema kwa sauti, na sauti ilikuwa ya mtu anayemrekebisha mwingine kola ya shati.

"Kaka yangu," wifi alikubali. "Mjinga kabisa."

"Andika," mjane alimwambia Kinyumenyume. "Usifute la kwake, liache. Chini yake andika: Sababu iliyogunduliwa baadaye, betri ilichomoka. Mfuko ulishonwa kwa lastiki. Aliyeshona, mke wa mrushaji."

"Shemeji, hii itasomwa na kila mwanachama mpya. Miaka na miaka."

"Ndivyo ninavyotaka."

"Tunaweza kuandika tu 'hitilafu ya mfungo wa betri'. Inatosha kiufundi."

"Kaka, miezi saba watu wamesoma kwamba mume wangu alisahau. Wamesikitika, wamemsemea pole pembeni. Sasa wasome kwamba mimi sijui kushonea roketi. Mimi niko hai, nitajitetea."

Kinyumenyume aliandika kwa mwandiko wake wa ramani, herufi moja moja, kisha akamgeuzia daftari asaini. Alisaini. Wifi alisoma juu ya bega lake kutoka mwanzo hadi mwisho, midomo ikicheza, na akapendekeza mahali pa kuweka koma.

Nyuma yao alikuwa amesimama nesi, roketi ya manjano kwapani, akisubiri kukaguliwa kabla ya kwenda kwenye nguzo. Alikuwa amesikia, kwa sababu kwenye meza ile hakuna aliyenong'ona.

"Mama," alisema, "kabla hujaenda. Nitazamie ya kwangu?"

"Mimi? Si umesikia nilichofanya?"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Alichomoa kibao chake na kukilaza mezani. Betri ilikuwa imekalishwa juu ya kifuniko, vizuri, imezungushiwa utepe mweusi mara nyingi kama bandeji ya ajali kubwa. Mjane aliishika kati ya vidole viwili. Hakuangalia utepe. Aliivuta kuelekea chini, haikwenda. Akaivuta kuelekea juu, haikwenda. Akaisukuma kwa ubavu.

Ilisogea, upana wa ukucha.

"Unaona?"

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo hapa mezani. Huko juu itakuwa na uzito wa pasi." Alikuwa ameshafungua mkoba, ametoa mkasi. "Mkanda wa begi la shule, ule mgumu usionyooka, mnao? Hapana? Kinyumenyume, huo mkoba wa vifaa ulioning'iniza begani una mkanda mgumu."

"Shemeji, huo mkoba nimeununua juzi."

"Vua," alisema wifi, kwa ile sauti yake ya darasani, na mpimaji mstaafu akavua.